Korido ya Mkwe

Chuoni walimwita Nukta, naye alijua, na ukitaka ukweli jina lenyewe lilimpendeza. Alifundisha uchoraji wa ramani za majengo, somo ambalo mstari ukienda kombo kidogo tu, mlango unafungukia ukutani. Sifa yake moja ilivuma kuanzia getini hadi mgahawani: haongezi alama. Hata nusu haongezi. Ukipata arobaini na tisa na nusu, hiyo ndiyo riziki yako, chukua ukalie mbele ya safari. Mpwa wa mkuu wa chuo aliwahi kuanguka somo lake, mkuu akamwita Nukta ofisini wanywe chai wazungumze. Nukta akanywa chai mpaka ikaisha, akaomba nyingine, akashukuru, akaondoka zake, na mpwa akarudia mwaka. Mtu wa namna hiyo hawezi kuwa na marafiki wengi, hilo tusidanganyane, lakini usingizi alikuwa nao.

Usingizi huo ulikatika siku ya kwanza ya mwaka mpya wa masomo. Nukta alisukuma mlango wa darasa la mwaka wa kwanza, mafaili kwapani, uso umekunjwa tayari kwa kazi, akamkuta mama mkwe wake amekaa kiti cha mbele kabisa, katikati, ameshika rula.

Sasa, mama mkwe huyu hakuwa mgeni machoni pake. Aliishi nao nyumba moja tangu mzee wake alipofariki, chumba kilichopakana na kile cha Nukta na mkewe. Nukta alijua kwamba mama anasoma masomo ya jioni, maana mkewe alimwambia, naye akaitikia kama waume wanavyoitikia, bila kusikia. Alidhani ni ushonaji. Kumbe mama alikuwa anatafuta vyeti vya kuingilia chuo, na alipovipata alimpiga binti yake marufuku kufungua mdomo. Alisema mkwe wake akijua mapema atafanya moja kati ya mawili, kumsaidia au kumzuia, na yeye hataki lolote kati ya hayo. Maisha yake yote alikuwa mpangaji. Kila nyumba aliyohamia aliilaani jikoni kwanza, akisema imechorwa na mtu ambaye hajawahi kubeba sufuria ya moto hata siku moja. Alitaka kabla hajafumba macho achore nyumba moja, moja tu, na pale chini pembeni liandikwe jina lake.

Na heshima ya Nukta kwa mkwe, jamani, ilikuwa ile ya kizamani isiyopunguzwa hata kidogo. Hakumtazama usoni. Hakukaa kabla mama hajakaa, wala hakukaa naye kochi moja. Wakikutana mlangoni, Nukta alirudi kinyumenyume. Shida kubwa ilikuwa asubuhi. Bafu lilikuwa mwisho wa nyumba, na njia ya kwenda huko ilipita mbele ya mlango wa mama. Nukta alisimama nyuma ya mlango wa chumba chake, taulo begani, anasikilizia. Kukiwa kimya, alinyata. Kitasa cha mama kikilia, alirudi mbio ndani. Siku nyingine saa za kazi zilimkuta bado amesimama pale, basi alinawa uso kwenye sinki la jikoni akaenda kufundisha hivyo hivyo.

Kwa hiyo siku ile darasani, kabla ubongo haujafika, mdomo ulikuwa umeshatangulia. "Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba, mwalimu," akajibu mama, akafungua daftari.

Darasa zima lilikaa kimya, maana walikuwa wageni na walidhani labda ndio utaratibu wa chuo. Walichelewa kuelewa, lakini walipoelewa, walifaidi. Nukta hakukaa kwenye kiti chake muhula mzima, kwa kuwa hawezi kukaa juu jukwaani huku mama mkwe yuko chini. Kuita majina kulimtesa zaidi. Jina la mama mkwe halitajwi, basi alipofika kwenye mstari wake alikohoa, akaweka alama ya kuwepo, akaendelea na anayefuata. Baada ya muda wanafunzi wakazoea kwamba darasani mwao kuna mwenzao anayeitwa kikohozi.

Lakini kubwa lilikuwa hili la macho. Kwa kuwa hakuweza kutazama pale katikati mbele, hakuweza pia kutazama nyuma ya mama. Safu nzima ya viti, kuanzia kwa mama hadi ukuta wa nyuma, kwake ikawa haipo duniani. Alifundisha akitazama madirisha ya kushoto, kisha ukuta wa kulia, na katikati aliruka. Vijana si wajinga. Haikuchukua muda safu ile ikawa inagombewa, watu wanadamka kuja kuweka mikoba. Huko nyuma ya mama mkwe watu walilala, walichati, na kijana mmoja aliwahi kula chakula chake cha mchana chote na kufuta sahani kwa kidole huku Nukta anaeleza misingi ya zege.

Muhula wa kwanza ulipoisha, mama alikuwa ameanguka. Tusimpake mafuta, aliharibu kwa mkono wake mwenyewe. Vipimo vilikuwa havimwingii kabisa. Milango yake ilikuwa mipana kuliko vyumba, na jiko alilochora lilitosha kugeuzia lori. Nukta alimpa alichostahili, theluthi ya alama zote. Wastani wake wa jumla ukaangukia chini ya kiwango, na ofisi ya taaluma ikamweka chini ya uangalizi. Uangalizi maana yake ni kwamba umepewa muhula mmoja wa kujinyoosha. Ukifaulu masomo yote na wastani ukapanda, umepona. Ukianguka hata somo moja kubwa, unafunga virago na chuo hakikujui tena. Na kila aliye chini ya uangalizi hupangiwa mwalimu wa kumshauri, wakutane kila wiki, ana kwa ana.

Mama alipangiwa Nukta.

Nukta akakimbilia kwa katibu wa taaluma kuomba abadilishiwe. Katibu akamuuliza sababu. Nukta akanong'ona kwamba yule ni mama mkwe wake. Katibu, mama mzima mwenye miwani na heshima zake, alicheka mpaka akavua miwani akaifuta. Kisha akasoma kanuni. Kanuni zilimkataza mwalimu kumshauri mume, mke, mtoto au ndugu wa tumbo moja. Mama mkwe hakutajwa popote. Inaonekana waliozitunga hawakuwahi kufikiria kwamba mtu anaweza kupatwa na balaa la namna hiyo.

Basi wakawa wanakutana, kila wiki, katika kile kiofisi cha Nukta chenye viti viwili ambavyo havikukaliwa hata siku moja. Mwanafunzi hakai mwalimu akiwa amesimama, na mkwe hakai mama akiwa amesimama. Walisimama wote wawili, Nukta akizungumza na kabati la mafaili, mama akiandika daftari likiwa kiganjani. Siku ya kwanza mama alitaka waelewane mapema.

"Mwalimu," alisema, "alama yangu isiguswe. Ukiniongezea hata tone nitajua, na siku hiyo hiyo nahama kwako. Sikuja hapa kubebwa mgongoni, mimi si mtoto mchanga."

Nukta akaliapia kabati kwamba hataongeza. Akarudi nyumbani, na huko akakutana na binti wa yule yule mama, mke wake, ambaye alikuwa na maoni yake. Mke alimweleza kwa upole, huku anakunja nguo, kwamba mama akifukuzwa chuo wao wawili wataendelea kuishi vizuri tu, watakuwa wanasalimiana asubuhi na jioni kama wapangaji. Nukta alitaka kueleza habari za viwango vya taaluma. Mke akaendelea kukunja nguo. Huku hakuendeki na huku hakurudiki, akalala amejikunja.

Ila jambo moja alilikiri hata kwa kabati: mama alianza kushika. Alijitupa kwenye vipimo kwa hasira. Nyumbani alipima kila kilichosimama na kilicholala, meza, kitanda, ngazi, paka. Jioni moja Nukta alimkuta anapima upana wa mlango wa chumba chao, futi imetandazwa sakafuni, akageuka akaenda kukaa uani mpaka giza likaingia. Raba za kufutia zilikwisha nyumba nzima. Kufika katikati ya muhula, milango ya mama ilikuwa milango, na jiko lake lilibaki kubwa lakini kwa ukubwa wa kibinadamu.

Mtihani wa mwisho ukafika. Swali lilikuwa moja: chora nyumba ya familia kwenye kiwanja chembamba. Karatasi zilikuwa na namba, hazina majina, ili mwalimu asijue anamsahihisha nani. Nukta alisimamia mwenyewe, macho dirishani kushoto, macho ukutani kulia, kwa ukali wake wote. Alipozipeleka ofisini na kuanza kuzipekua, alimtambua mama mara moja. Mwandiko ule wa herufi zenye mikia alikuwa anausoma kila siku mezani kwake nyumbani: chai ipo kwenye chupa, funguo nimeacha kwa jirani. Akauchomoa mchoro ule, akauficha chini kabisa ya rundo, akaanza na wengine.

Alisahihisha kwa siku kadhaa, kidogo kidogo. Kijana mmoja alikuwa ameandika kwenye chumba kimoja "Chumba cha mkwe." Nukta alicheka peke yake, akasema huyu kijana anapanga maisha mapema, akampa tiki zake. Rundo likapungua, likapungua, mpaka ikabaki ile ya chini.

Nyumba ya mama ilikuwa nzuri. Haikuwa nzuri ya kuonewa huruma, ilikuwa nzuri hasa. Mwanga uliingia unakotakiwa, jiko lilikuwa karibu na meza ya kulia, na mtu angeweza kubeba sufuria ya moto bila kugonga mtoto. Nukta akatia tiki, akakata kidogo palipokosewa vipimo, akatia tiki, moyo unamcheza kwa furaha. Kisha jicho lake likafika nyuma ya nyumba. Huko, ukishapita stoo, kulikuwa na korido ndefu nyembamba, na mwisho wa korido, peke yake kabisa, chumba chenye mlango mdogo wa nje. Kwa mwandiko wenye mikia: "Chumba cha mkwe."

Nyuma ya stoo. Na mafagio. Damu ikampanda Nukta mpaka masikioni. Kumbe ndivyo anavyotazamwa. Heshima yote ile, kunyata kote kule, kumbe mama akipewa karatasi nyeupe ajichagulie nyumba anayoitaka, mkwe anamtupa mwisho kabisa, na anamwekea mlango wake wa nje ili asionekane hata akitoka. Iliuma, jamani. Iliuma kuliko alivyotaka kukubali. Na pamoja na maumivu kulikuwa na woga, maana karatasi ile ilikuwa inaelekea kufaulu, na watu watasema nini? Maumivu na woga vikashika kalamu nyekundu kwa pamoja. Pembeni ya korido akaandika "Upotevu wa nafasi," akakata alama tano. Jumla ikaja arobaini na saba. Kufaulu ni hamsini.

Akajumlisha tena, akajumlisha tena, akapeleka. Alitoka ofisini amenyoosha mgongo. Alijiambia kwamba sasa hakuna mtu chini ya jua atakayesema Nukta ana upendeleo.

Matokeo yalibandikwa. Mama aliyasoma ubaoni akiwa amesimama katikati ya vijana waliokuwa wanapongezana, akarudi nyumbani, akapika kama kawaida. Alipomwekea Nukta chakula alimwambia kwa sauti ya chini, "Ahsante, mwalimu. Umefanya ulivyoapa." Hapakuwa na kejeli ndani yake, na hicho ndicho kilichomkosesha Nukta hamu ya kula. Baada ya chakula mama alikusanya rula zake na penseli zake, akazitia kwenye mfuko. Ule ubao wake wa kuchorea, ambao alikuwa anaufuta kila jioni kwa kitambaa safi, alimpa binti yake, akasema utafaa kukatia vitunguu.

Mke hakugombana. Nukta alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, angejua cha kufanya. Mke alingoja wafike chumbani, akamwuliza mama kaangushwa na nini. Nukta akaeleza habari za korido. Mke akafikiri.

"Na hao wengine wenye korido ndefu," akauliza, "uliwakata ngapi?"

Nukta akasema amewakata vilevile, bila shaka.

"Haya," akasema mke, akazima taa.

Neno lile halikumwachia alale. Asubuhi alinawa uso jikoni, macho yakakutana na ubao wa kuchorea una maganda ya vitunguu juu yake, akatoka bila kunywa chai. Ofisini alizitoa karatasi zote akaanza kutafuta korido. Ya kwanza aliyoipata ilikuwa ndefu, nyembamba, inapita stoo. Haikukatwa kitu. Ya pili, ndefu, nyembamba, inapita stoo. Haikukatwa kitu. Akazitandaza sakafuni moja baada ya nyingine, na alipozitandaza akapigwa na butwaa. Ulikuwa mtaa mzima wa nyumba moja. Stoo ile ile, jiko lile lile, mlango ule ule mdogo wa nje. Akalinganisha namba na orodha ya viti vya mtihani: safu yote iliyokaa nyuma ya mama ilikuwa imechungulia juu ya bega la mama. Wenye akili walibadilisha jina la kile chumba, huyu akaandika mgeni, yule akaandika mlinzi. Yule mvivu aliyekula darasani hakujisumbua hata kubadilisha. Wote walikuwa wamefaulu. Aliyeanguka ni mwenye nyumba peke yake.

Nukta alikaa sakafuni katikati ya mtaa ule. Alirudia mwongozo wake mwenyewe wa kusahihisha, mstari kwa mstari, akitafuta mahali paliposema korido inakatwa. Hapakuwepo. Miaka yote hiyo alikuwa anajigamba kwamba haongezi alama, na hakuna aliyewahi kumwuliza kama hapunguzi.

Sasa angalia mtego wenyewe. Alama ikishapelekwa, haibadilishwi mpaka mwalimu asimame mbele ya kamati ya mitihani aseme kwa mdomo wake amekosea wapi. Na yeye angesema nini? Kwamba yeye, Nukta, anaomba kuongeza alama, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, na anayeongezewa ni mama wa mke wake. Hata mlinzi wa getini angecheka. Halafu mama mwenyewe, ambaye ameshasema akiongezewa anahama. Kwa upande mwingine, akinyamaza, karatasi zitaingia stoo ya chuo, panya watazila, na jina lake litabaki safi. Alilifikiria hilo la panya, tusimsingizie utakatifu. Alilifikiria kwa muda mzuri tu. Ila kila alipolifikiria, aliona vitunguu.

Akakusanya karatasi akaenda.

Kamati ilikuwa na mkuu wa idara, mama mmoja mkavu asiyependa maneno mengi, na katibu wa taaluma wa ile miwani, na mwalimu kijana ambaye zamani alirudia somo la Nukta kwa kukosa alama moja. Nukta akasimama, akaeleza. Alipofika mahali pa kutaja anayeongezewa, katibu alivua miwani mapema ili asihangaike baadaye. Mwalimu kijana aliomba kwa adabu zote mheshimiwa arudie sentensi ile, polepole, kwa ajili ya kumbukumbu. Nukta akarudia. Mkuu wa idara peke yake hakucheka. Alimwuliza kama anajua jambo hili linanukaje. Nukta akasema anajua. Kisha akatandaza ule mtaa wake wa nyumba mezani, moja moja, na ile yenye arobaini na saba akaiweka mwisho.

Kicheko kikakatika. Wakainama wote watatu, wakafuata korido kwa vidole. Mkuu wa idara akaagiza wale vijana waitwe. Alianza na yule mvivu. Akamwuliza kama ana mke. Hana. Ana binti? Hana. Sasa huyu mkwe aliyemjengea chumba kampata wapi? Kijana akasema yeye alikuwa anaangalia mbele.

"Kiti kimoja tu mbele yako," akasema mkuu wa idara, akamwandikia mtihani wa marudio. Wengine hawakusubiri kuulizwa, walikiri wakiwa mlangoni.

Vijana walipotoka, mkuu wa idara alimgeukia Nukta. Akasema anamfahamu kama mtu anayeona penseli iliyochongwa vibaya akiwa nje ya darasa. Ilikuwaje safu nzima ikanakili mbele ya macho yake? Nukta alitazama viatu vyake. Hapo ndipo pagumu kuliko pote.

"Upande ule huwa sitazami," akasema. "Amekaa mama."

Katibu akaandika hivyo hivyo kwenye kumbukumbu za kikao, na maneno hayo yapo mpaka leo. Kamati iliamua karatasi ya mama isahihishwe upya na mwalimu kijana, ikiwa imechanganywa na nyingine asijue ni ipi, na mwongozo ufuatwe bila chuki wala mapenzi. Akaipa hamsini. Hamsini kavu. Alama tano za korido zilirudi, lakini mbili zilikatwa kwa haki kabisa, kwa sababu mlango wa choo ulikuwa unagonga sinki. Ikamtosha mama kuvuka somo, na wastani wake ukapanda juu ya kiwango. Halafu wakamgeukia Nukta, wakamweka yeye chini ya uangalizi. Muhula mmoja, kila anachosahihisha kipitiwe na mwenzake, na kila wiki akutane na mshauri wake ana kwa ana. Mshauri ni yule mwalimu kijana. Kabla ya chakula cha mchana mgahawa mzima ulikuwa unajua, na mpishi alimwuliza Nukta kama amwongezee mchuzi au naye pia anaogopa kuongeza.

Aliporudi nyumbani miguu ilikuwa mizito. Mama alikuwa sebuleni, begi lake liko miguuni, mchoro wake, aliorudishiwa chuoni na alama mpya, magotini. Mke alikuwa amesimama mlango wa jikoni, hapumui. Nukta akasimama penye mlango, macho kwenye zulia.

"Nilikwambia isiguswe," akasema mama. "Umeniongezea."

"Sikukuongezea, mama. Nilikuwa nimekupunguzia."

Mama akauliza kwa nini. Na Nukta, ambaye siku hiyo alikuwa ameshasema mengi ya aibu kuliko mwaka mzima, akaona la mwisho halitamwua. Akasema lilimuuma. Akasema nyumba yote ile nzuri, na yeye amewekwa nyuma ya stoo, pamoja na mafagio, kama mtu asiyetakiwa kuonekana.

 Mama akageuza mchoro akauweka mezani, akaweka kidole kwenye korido.

"Mwanangu, kila asubuhi nakusikia umesimama nyuma ya mlango na taulo lako, unaningoja nitulie. Nami najibana kitandani, sigeuki hata ubavu, ili upite. Na bado siku nyingine unaenda kazini hujaoga, kwa ajili yangu. Nikasema nikichora nyumba yangu, mkwe wangu nitampa njia yake mwenyewe. Umeona hapa mwisho? Hili ni bafu. Lako. Upite asubuhi kifua wazi, unaimba ukitaka, usimwogope mtu."

Nukta alisogea akatazama. Mwisho wa korido, kando ya kile chumba, kilikuwepo kichumba kidogo chenye bomba. Alikuwa amekisahihisha na kukipa tiki bila kujiuliza ni cha nani.  Akavuta kiti, akakaa, mbele ya mama mkwe wake, akamtazama usoni, na akakuta ni uso wa mama mmoja aliyechoka kulala bila kugeuka. Machozi yakamtoka, hakuyaficha. Mke akaja akalichukua begi akalirudisha chumbani bila kuuliza mtu.

Muhula ulipofunguliwa, mwalimu kijana alikuwa amekaa nyuma ya darasa na kalamu yake, ameagizwa kuangalia. Safu ya katikati ilikuwa tupu, hakuna kijana aliyeitaka tena, ila kiti cha mbele kilikuwa na mtu, na ubao wa kuchorea uliosuguliwa vizuri, ingawa ukikaribia ulinuka vitunguu kidogo. Nukta aliingia, amechelewa, ameoga. Akakaa kwenye kiti chake. Akafungua orodha akaanza kuita majina, na alipofika kwenye ule mstari darasa zima likangoja kikohozi.

Hakukohoa. Alinyanyua macho, akamtazama katikati kabisa, akataja jina lake lote, la kwake na la baba yake.

"Nipo, mwalimu," akaitika mama.

"Njoo ubaoni," akasema Nukta. "Tuanze na ule mlango wa choo."